Subaru ya zamani au mpya? Mnunuzi wa Unguja aanze kutazama chini ya gari

Kijana wa Mlandege aliyedunduliza fedha za Impreza WRX ana uamuzi wa kufanya kabla hata ya kuuliza bei: achukue kizazi cha kwanza kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1992, cha pili cha mwaka 2000, au cha tatu cha mwaka 2007? Barazani jawabu limeshakatwa zamani: cha kwanza ndiyo Subaru yenyewe. Sababu inaeleweka. Umbo lile ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 likiendeshwa na Richard Burns. Sifa hizo ni za haki kabisa, ila ni sifa za gari lililofuatwa na mafundi wake njia nzima, likifunguliwa na kubadilishwa vifaa kila liliposimama. Gari linalotoka mnadani Japani na kushushwa bandarini Malindi limepitia maisha mengine, na maisha hayo ndiyo yanayopaswa kuamua.

Wengi huanza na injini, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Injini ya EJ20, ya lita 2 na silinda nne zilizolala mbili kila upande, ilianza kwenye Legacy mwaka 1989 ikaendelea kufungwa kwenye WRX STI za soko la Japani hadi 2019. Vizazi vyote vitatu vinakula kwenye sinia hilo moja. Nguvu zimepanda, kutoka farasi 240 za mwaka 1992 hadi 308 za STI ya mwaka 2007, lakini maradhi ni yale yale. Mkanda wa taimingi ukikatika, pistoni hugonga valvu na injini inakwisha papo hapo. Halafu kuna petroli: turbo hizi ziliwekwa sawa kwa mafuta ya Japani yenye oktani inayokaribia 100, na ya vituo vyetu haifiki huko, kwa hiyo anayeongeza presha ya turbo anaziweka pistoni zake hatarini, liwe gari la 1996 au la 2010.

Kinachotofautiana kweli ni bati. Subaru huvuta magurudumu yote manne, ndiyo maana zinapendwa sana Hokkaido na Tohoku, mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Kutu huanzia huko, kabla ya meli, kisha gari linakuja kwenye kisiwa kinachopigwa na upepo wa bahari mwaka mzima. Kizazi cha kwanza huliwa zaidi kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, kwenye vizingiti chini ya milango, na pale shokapu za nyuma zinapofungwa juu. Hapo pa mwisho ndipo pabaya, kwani hapaonekani mpaka zulia la buti na vifuniko vya pembeni viondolewe. Bati zima likigongwa kwa mpini wa bisibisi hulia kavu. Lililopigwa puti hutoa sauti nzito iliyokufa, na lililooza hubonyea. Rangi mpya inayong'aa juu ya gari la miaka thelathini iongeze shaka, isiipunguze. Injini hununuliwa nyengine. Sehemu inayobeba shokapu ikioza, gari zima limeoza.

Watetezi wa kizazi cha kwanza wana hoja mbili nzito. Ni jepesi: WRX ya mwanzo ilikuwa na kilo 1,200 hivi, STI ya 2007 ina 1,480, na tofauti hiyo dereva anaisikia kwenye kila kona. Pia wanasema halina mambo mengi ya umeme. Hii ya pili si kweli kama inavyosemwa. Hata la 1992 linapulizia mafuta kwa kompyuta, tena kompyuta ya zamani ambayo vipimo vya gereji nyingi haviisomi. Na huo wepesi umepatikana kwa kukosa vitu. Mengi ya mwanzo hayana mifuko ya hewa, mengine hata ABS hayana, ilhali STI ya 2007 ina mfumo wa kushika breki gurudumu mojamoja gari linapoanza kuteleza. Njia ya Nungwi inakatiza vijijini, kwenye baiskeli na watoto wanaotoka skuli, na wakati wa masika lami haionekani kwa maji. Kwangu mimi, hapo kilo 280 si kitu.

Imebaki hoja ya thamani. Marekani inaruhusu gari la nje likishafika miaka 25, na wanunuzi wa huko wamezipandisha bei Impreza za miaka ya tisini. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, Uganda kumi na tano, kwa hiyo za zamani zilizomo Afrika Mashariki zinazidi kuadimika. Lakini anayetoa fedha nyingi analipia bodi safi. Iliyozibwa kwa puti haimhusu. Mwenye gari la kazini na anayetaka la pili la kulitunza ndani ya banda, atafute kizazi cha kwanza akague buti kwanza. Mwenye uwezo wa gari moja tu achukue cha tatu, tena si lazima STI: S-GT yenye farasi 250 inatosha na kubaki kwa kisiwa chetu, na fedha iliyosalia ibadilishe mkanda wa taimingi kabla gari halijaanza kutembea.