Je, Wajua? Simbilisi na kizimba chake

Wakongomani wengi wa kambi ya Nakivale wametoka Kivu, ambako simbilisi hufugwa jikoni, akila majani na maganda. Wakati wa vita alifichika kirahisi kuliko mbuzi. Ukimjengea kizimba, iwe Nakivale au Nyamityobora mjini Mbarara, usimtandikie waya sakafuni, tafadhali. Nyayo zake hazina manyoya. Huchubuka na kufanya vidonda. Weka mbao na nyasi kavu, uzibadilishe zikilowa. Hapandi ukuta, lakini funika juu kwa sababu ya paka. Hamsta wa Siria huishi peke yake. Lakini simbilisi akikosa mwenzake hunyong'onyea. Mpe majani mabichi kila siku: mwili wake, kama wetu, hautengenezi vitamini C.