Nguvu za injini au nafasi ya mizigo? Pima haya kabla ya kununua krosova ndogo

Na MWANDISHI WETU

MSHIKA mawili, walisema wahenga, moja humponyoka. Kauli hii humjia akilini mwenye familia anapokodolea macho krosova mbili ndogo katika uwanja wa kuuzia magari: moja ina injini yenye nguvu, nyingine ina buti pana na viti vya nyuma vyenye nafasi. Muuzaji humtajia idadi ya nguvu za farasi, naye mwenzake nyumbani humuuliza mizigo itakaa wapi.

Wote wawili wana hoja. Kosa ni kujibu maswali hayo kabla ya kuuliza la tatu: gari litapita barabara gani, na litakuwa limebeba nini?

Tuchukue mfano wa Nissan Juke ya kizazi cha kwanza, iliyoundwa kati ya 2010 na 2019. Aina iliyouzwa Japani ikiwa na injini ya lita 1.5 isiyo na turbo hutoa nguvu za farasi 114. Ile ya lita 1.6 yenye turbo hutoa 190. Mnunuzi wengi huishia kulinganisha tarakimu hizo mbili pekee, ilhali hicho ni kilele ambacho injini hukifikia tu inapozunguka kwa kasi sana, takriban mara 6,000 kwa dakika.

Kinachomgusa dereva kila siku ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu. Injini ya lita 1.5 hufikia kilele chake cha torki, niutoni-mita 150, kwenye mizunguko 4,000. Ile ya turbo hutoa 240 kuanzia mizunguko 2,000. Ndiyo maana ya kwanza hunguruma sana mlimani kabla ya kusogea, na ya pili hupanda bila kelele.

Milima hula farasi

Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi zake yenyewe. Kadiri gari linavyopanda nyanda za juu, hewa huzidi kuwa nyepesi, na injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Hivyo farasi 114 walioondoka Mombasa hubaki kama 95 jijini Nairobi, lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Wakifika Timboroa, ambako barabara ya Nakuru kwenda Eldoret hupanda zaidi ya mita 2,700, wamesalia kama 83. Turbo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, na kwa hiyo hasara yake huwa ndogo zaidi.

Ongeza abiria. Watu wazima watano pamoja na mizigo ya Krismasi hufikia kilo 400 kwa urahisi. Juke ya lita 1.5 yenyewe ina uzito wa takriban kilo 1,170. Gari limeongezewa thuluthi ya uzito wake huku likiwa limepokonywa robo ya nguvu zake.

Hapo ndipo nguvu za injini hukoma kuwa anasa. Tuseme lori linapanda kwa kilomita 40 kwa saa, na ili ulipite salama unahitaji kulitangulia kwa jumla ya mita 60. Ukilizidi kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, utakuwa upande usio wako kwa takriban sekunde 11. Gari likija mbele yako kwa kilomita 80 kwa saa, unahitaji mita 420 za barabara iliyo wazi. Ukiweza kulizidi kwa kilomita 30, sekunde hushuka hadi 7 na umbali hadi mita 300. Tofauti hiyo ya mita 120 ni zaidi ya urefu wa uwanja wa kandanda.

Gharama ya farasi wa ziada

Nguvu hizo hazitolewi bure. Mwaka 2019 serikali ilipandisha ushuru wa bidhaa kutoka asilimia 20 hadi 25 kwa magari yenye injini inayozidi lita 1.5. Injini ya lita 1.6, hata ikiwa ndani ya gari dogo, iko upande wa juu wa mstari huo.

Turbo nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na hutegemea oili safi. Anayechelewesha kubadilisha oili huiua mapema. Isitoshe, injini hizo zilipangwa Japani kutumia petroli ya daraja la juu kuliko ile ya kawaida. Na tuseme unasafiri kilomita 1,500 kwa mwezi: gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litatumia lita 100, na la kilomita 11 litatumia lita 136.

Zaidi ya hayo, farasi hao waweza kula nafasi. Juke za mwanzo zilizouzwa Ulaya zilikuwa na buti la lita 251. Aina ya turbo inayosukumwa na magurudumu yote manne ilibakiwa na lita 207. Linganisha na Honda HR-V ya 2015, inayoitwa Vezel nchini Japani, ambayo buti lake lilitajwa huko Ulaya kuwa na lita 470. Tangi lake la petroli liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma huweza kuinuliwa na kitu kirefu kikasimama wima.

Nafasi pia ni usalama. Buti likijaa, masanduku huhamia kwenye viti na kurundikwa hadi kioo cha nyuma. Dereva haoni nyuma, na akifunga breki ghafla mizigo hiyo huwarukia waliokaa mbele.

Uamuzi

Kwa hiyo anza na nafasi. Dereva wa injini dhaifu aweza kuvumilia nyuma ya lori hadi barabara iwe wazi. Lakini subira haipanui buti. Kisha, kati ya magari yanayowatosha, chagua injini kulingana na barabara yako. Anayezunguka mjini, ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa, hana sababu ya kulipia turbo. Anayepanda milima mara kwa mara akiwa na mzigo atafute torki ya chini, iwe ya turbo au ya mota ya umeme katika gari la haibridi. Vezel ya haibridi ina msaada huo bila kuvuka lita 1.5, ingawa mwaka 2014 Honda iliyaita tena magari hayo nchini Japani kurekebisha programu ya giaboksi. Uliza kama la kwako lilirekebishwa.

Mwisho, usilijaribu gari ukiwa peke yako kwenye barabara tambarare. Nenda na familia yote, beba masanduku, tafuta mlima. Kama muuzaji atakataa, basi naye anajua jibu.