Filta ya Maji Nayo Inahitaji Kuoshwa



Katika nyumba nyingi, pembeni mwa sebule au jikoni, ipo filta ya maji: vyombo viwili vilivyopandishwa, kimoja juu ya kingine, na ndani ya kile cha juu mishumaa myeupe ya udongo wa kauri. Watu humimina maji juu, hukinga chini kwenye koki, na huridhika. Lakini ukiuliza ni lini mishumaa hiyo ilioshwa mara ya mwisho, mara nyingi wenyeji hutazamana.

Mwezi huu tuizungumzie filta hiyo. Isipooshwa, haipungui nguvu tu. Yaweza yenyewe kuyachafua maji yaliyoingia humo yakiwa safi.

UCHAFU HUENDA WAPI?

Mshumaa wa filta una matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Maji hupenya, uchafu hukwama. Uchafu huo haupotei. Unabaki juu ya ngozi ya mshumaa, unaongezeka siku hadi siku, na mwisho hufanya utando wenye utelezi. Ndani ya utando huo bakteria hupata makao na chakula, nao huzaana. Ukiachwa muda mrefu, baadhi yao huweza kupenya taratibu hadi upande wa maji ya kunywa.

Ndiyo maana mama anaweza kuchemsha maji vizuri, akatumia mkaa wake, kisha akayamimina katika filta chafu na kazi yote ikapotea. Wa kwanza kuumia ni mtoto mdogo, kwa kuwa kuharisha humwishia maji mwilini kwa muda mfupi sana.

HUZUIA NINI, HUPITISHA NINI?

Vijidudu hupimwa kwa mikroni. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Sisti za amiba zina kiasi cha mikroni 10 hadi 20, na bakteria wa kipindupindu ana urefu wa mikroni 1 hadi 3. Mshumaa mzuri na mzima huwazuia hao. Lakini kirusi cha homa ya ini aina ya A kina karibu mikroni 0.03 tu. Huyo hupita.

Jambo hili limejulikana muda mrefu. Mwaka 1884 Mfaransa Charles Chamberland, aliyefanya kazi pamoja na Louis Pasteur, alitengeneza mshumaa wa kauri uliozuia bakteria. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja kwa mshumaa wa namna hiyo utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa. Utomvu uliochujwa bado uliambukiza mimea mingine. Kumbe palikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria, nacho ndicho tunachokiita leo kirusi.

Kwa hiyo tusiache kuchemsha eti kwa sababu tuna filta. Maji yachemke mpaka yatibuke kabisa kwa dakika 1, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 dakika 3. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa ndipo uyachuje, kwa kuwa maji ya moto huweza kuupasua mshumaa.

NAMNA YA KUOSHA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Andaa maji yaliyochemshwa na kupoa.

2. Fungua nati iliyo chini ya mshumaa, utoe mshumaa pamoja na washa zake za mpira. Shika taratibu, maana kauri huvunjika kama kikombe.

3. Sugua mshumaa pande zote kwa brashi laini au mswaki mpya uliotengwa kwa kazi hiyo tu, huku ukimimina maji yale safi. Usitumie sabuni, kwa sababu kauri huinyonya na maji yatakuwa na ladha yake. Usitumie steelwire wala mchanga.

4. Angalia maji machafu yasiingie katika tundu la shina la mshumaa. Upande huo ndio unaopitisha maji ya kunywa.

5. Osha vyombo vyote viwili kwa sabuni, suuza vizuri. Usiisahau koki. Vidole vya nyumba nzima huishika, na ndani yake hukaa utelezi. Chombo cha chini kisuuzwe mwisho kwa maji yenye dawa ya klorini ya kutibu maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

6. Rudisha washa mahali pake na kaza nati kwa mkono. Washa iliyopasuka au kulegea hupitisha maji pembeni bila kuchujwa. Yale maji ya kwanza kuchujwa tumia kufulia.

Wengine huuliza: Je, mshumaa uchemshwe? Soma karatasi iliyokuja nao. Baadhi ya mishumaa ina kitako cha plastiki kilichogundishwa, na moto huilegeza gundi. Mingine ina mkaa maalumu ndani. Mkaa huo huchoka, na kusugua nje hakuurudishii nguvu. Hiyo hubadilishwa kwa muda ulioandikwa.

ALAMA MBILI ZA KUANGALIA

Maji yakianza kudondoka polepole, mshumaa umeziba: uoshe. Ikiwa maji yako ni ya tope, yaache yatulie kwenye ndoo usiku kucha, kisha yapitishe katika kitambaa safi kabla ya kuyachemsha. Mshumaa hautaziba upesi.

Alama ya pili huwadanganya wengi. Maji yakianza ghafla kushuka kwa kasi, usifurahi. Huenda mshumaa una ufa, au washa imelegea. Uchunguze kwenye mwanga wa jua. Mshumaa wenye ufa, hata mdogo kama unywele, hauchuji tena. Usiuzibe kwa gundi, nunua mwingine. Wakati unatafuta fedha ya mshumaa mpya, chemsha maji na uyahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko. Hayo ni salama kuliko yanayopita katika filta mbovu.

Wazazi, chagueni siku moja ya juma ya kuifungua na kuikagua filta, na mwoneshe kijana mmoja wa nyumbani namna ya kuiosha. Kama hukumbuki ilioshwa lini, basi usisubiri siku hiyo. Chemsha maji leo jioni, na kesho asubuhi ifungue.