Kutafuta Habari za Misioni Zetu katika Gallica

Waseminari wengi huagizwa kuandika historia ya parokia yao. Wanafungua intaneti, wanaandika jina la kwao, hawaoni kitu, nao wanasema: hakuna. Sisi pia tulisema hivyo. Tulitafuta Kirungu na Kalemie siku mbili, tukatoka mikono mitupu. Kosa lilikuwa letu.

Twasema hapa juu ya Gallica, ndiyo akiba ya vitabu na magazeti ambayo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imeiweka katika intaneti tangu mwaka 1997. Kusoma ni bure. Ndani yake mna gazeti Les Missions catholiques, lililoanza kutoka Lyon mwaka 1868, ambamo zilipigwa chapa barua za wamisionari wa pande zote za dunia.

Sharti tufahamu kwanza kwamba mashini hiyo haijui maana, yajua herufi tu. Aliyeandika mwaka 1920 hakusema Kalemie, alisema Albertville. Kirungu aliiita Baudouinville. Mpala pengine huandikwa M'pala, na Tanganyika huandikwa Tanganika. Mapadri Weupe waliitwa pia wamisionari wa Alger. Nchi yenyewe ilikuwa État indépendant du Congo toka 1885 hata 1908, kisha Congo belge hata 1960. Basi, ndugu, kabla ya kugusa mashini, chukua karatasi, andika majina yote ya kale kwa kifaransa, na kila namna ya kuyaandika. Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, pengine aitwa Étienne. Yafaa kutafuta Kaoze peke yake.

Maneno yanayokwenda pamoja yatie ndani ya alama za kunukuu, kusudi mashini isiyatenganishe: « lac Tanganika ». Majibu yakiwa mengi mno, chagua miaka, lugha na aina ya maandiko.

Lakini yako makosa yasiyo yako. Karatasi za kale zilipigwa picha, kisha mashini ikazisoma. Wino ukiwa umefifia, yasoma vibaya, na Roelens aweza kugeuka Roelcns. Hapo acha kutafuta, anza kupekua. Fungua gazeti lenyewe, chagua mwaka, chukua namba moja moja. Mgr Roelens aliwekwa askofu mwaka 1896: anza na mwaka huo na ule unaofuata. Kazi hii ni ya polepole, tena yala pesa ya intaneti, ila sisi twaipenda kuliko ile nyingine, kwani humo tumekuta mambo ambayo hatukujua kuyauliza.

Ukipata ukurasa, andika mara moja jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa. Barua moja juu ya Mpala tuliisoma kwa furaha bila kuandika kitu, na mpaka leo hatujaiona tena.

Neno moja juu ya kusoma. Barua hizo ziliandikwa kwa Wakristu wa Ulaya, ambao sadaka zao zililisha misioni. Mwandishi alichagua la kusema. Katekista aliyefundisha kijiji kizima mara nyingi aitwa tu « katekista wetu », bila jina. Jina lake halimo Gallica. Litafute katika kitabu cha ubatizo cha misioni, mahali pa wasimamizi. Na kama mchwa wamekwisha kukila, waulize wazee wa kijiji mwaka huu huu.