Aprili, Agosti au Desemba?

Wiki moja baada ya Siku ya Wapendanao, mwanafunzi wangu mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka darasa la Jumamosi hapa Nakuru. Ni karani wa mishahara katika shamba la maua upande wa Naivasha, na hupanda matatu kila wiki kuja mjini kusoma. Alikuwa amelipia karatasi tatu za mtihani wa uhasibu wa CPA za msimu wa Aprili, na tangu Krismasi vitabu vyake havikuwa vimefunguliwa.

"Mwalimu, au mimi ni mvivu tu?"

"Hebu nihesabie siku zako, dada," nikamwambia.

Januari yote shamba lilikuwa mbioni kukata na kufunga maua ya kupeleka Ulaya. Vibarua waliongezwa, saa za ziada zikapanda, na kila jina lililoingia kwenye orodha ya malipo lilipitia mezani kwake. Februari ilipotulia kidogo, Siku ya Akina Mama ya Waingereza ikawa inakaribia, maana wao huiadhimisha Machi, na ya nchi nyingine nyingi hufuata Mei. Dada huyu si mvivu hata kidogo. Alichagua Aprili kwa sababu wenzake darasani walichagua Aprili.

Naandika haya kwa kuwa kila mwaka naona ada zikipotea kwa njia hiyohiyo, na ni pesa za watu wasio nazo za kupoteza. Mtahiniwa hujiuliza atasoma vipi kabla hajajiuliza atafanya mtihani lini, kumbe swali la pili ndilo linaloamua la kwanza.

Kasneb, bodi iliyoundwa mwaka 1969 kutahini wahasibu na makatibu wa kampuni, kwa miaka mingi ilifanya mitihani yake mara mbili kwa mwaka, karibu na Mei na Novemba. Tangu mageuzi ya 2021 nafasi ni tatu: Aprili, Agosti na Desemba. Silabasi ya CPA nayo ilipangwa upya katika ngazi tatu. Ngazi ya msingi na ngazi ya kati zina karatasi sita kila moja. Alama ya kufaulu ni 50 kwa 100, na karatasi uliyofaulu inabaki yako hata kama uliyofanya pamoja nayo imekushinda. Zamani aliyekosa Mei alingoja nusu mwaka. Leo anangoja miezi minne. Ni nafuu kubwa, lakini wengi wameipokea kana kwamba ni amri ya kuingia ukumbini mara tatu kila mwaka.

Chukua karatasi uandike miezi 12 ya kazi yako. Kijana aliye katika ofisi ya wakaguzi wa hesabu anajua kwamba wateja wengi hufunga mwaka tarehe 31 Desemba. Januari anaanza na hesabu za bidhaa ghalani, Machi yuko Kericho au Nyahururu ndani ya faili za mteja, na Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru za kampuni hizo, na za watu binafsi pia. Kwake Aprili haifai kabisa. Agosti inawezekana kwa taabu, kwa maana Mei na Juni zimekwisha kuliwa. Desemba ndiyo yake, kwa kuwa anaweza kuanza Agosti akili ikiwa imetulia.

Mhasibu wa serikali ya kaunti yuko kinyume chake. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30. Mei na Juni ni mbio za kulipa madai kabla vitabu havijafungwa, kisha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaipa idara miezi mitatu, yaani hadi Septemba 30, kupeleka taarifa zake za fedha kwa Mkaguzi Mkuu. Nimeona watu wa kaunti wakijisajili kwa Agosti mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka wakiingia ukumbini na macho mekundu. Aprili ingewafaa zaidi. Mhasibu wa shule ya bweni, kwa upande wake, ana bahati kwamba mitihani huangukia karibu na likizo, mradi wiki za kufungua shule, wazazi wakiwa mstarini na karo, asizitie katika hesabu ya kusoma. Na yeyote anayeshughulikia ushuru wa mwajiri ana siku mbili za kila mwezi ambazo si zake: tarehe 9, mwisho wa kulipa PAYE, na tarehe 20, mwisho wa VAT. Jioni za kuelekea siku hizo usijiahidi kitu.

Halafu kuna shamba. Huku kwetu mtu huwa na kazi ya ofisi na bado ana ekari mbili Bahati, Njoro au Subukia. Mahindi hupandwa mvua za masika zinapokaribia, Machi na Aprili, na kwenye nyanda hizi za juu huvunwa kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi. Mwenye shamba hilo anayesema atarudia silabasi nzima mwezi Novemba, trela likiwa linangoja magunia, amejisahau. Mkulima huyohuyo, akienda dukani kununua mbegu, huuliza itachukua miezi mingapi kukomaa, akarudi nyuma kutoka mavuno hadi siku ya kupanda. Hesabu hiyo ndiyo ninayomwomba aifanye kabla ya kulipa ada.

Sasa tuingie kwenye saa. Kati ya msimu na msimu kuna wiki kama 17. Ondoa moja ya mtihani wenyewe. Ondoa mbili za kukimbizana kazini, na nyingine moja ya mtoto kuugua, matanga au harusi ya ndugu, kwa maana haijawahi kupita miezi minne bila jambo kama hilo. Zinabaki 13. Mtu mwenye kazi na familia, nikimuuliza kwa utulivu, hupata saa moja na nusu katika siku nne za wiki, na saa nne Jumamosi. Jumla ni saa 10 kwa wiki, saa 130 kwa msimu. Kwa makadirio yangu ya miaka ya kufundisha, karatasi nzito ya ngazi ya kati, kama ile ya taarifa za fedha, inataka kama saa 80 za kazi ya kweli. Ya sheria za kampuni inataka kama 50. Saa zimekwisha. Karatasi ya tatu haina mahali pa kukaa.

Wanafunzi hunijibu kwamba mbili mbili zitawachelewesha. Basi tuhesabu. Anayefanya mbili kwa msimu, misimu miwili kwa mwaka, na kufaulu zote, anamaliza karatasi 12 za ngazi mbili za kwanza kwa miaka mitatu. Anayelipia tatu katika misimu yote mitatu na kufaulu moja moja anatumia miaka minne, na amelipa ada za karatasi 36. Sijui mhasibu yeyote ambaye angemruhusu mteja wake atumie fedha namna hiyo.

Ukishajua msimu wako na karatasi zako mbili, ndipo suala la namna ya kusoma linapokuja, na hapa nina ugomvi na kalamu ya rangi ya kung'arisha mistari. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hutoweka mapema sana, na kinachobaki hupungua polepole. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma tena na tena. Jingine lilikisoma katika kipindi cha kwanza tu, kisha likafunika kifungu na kuandika lilichokikumbuka, mara tatu. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40.

Zile dakika 5 ndizo zinazotudanganya. Ukisoma mfano wa mizania ya pamoja ya kampuni mama na kampuni tanzu kitabuni, kila mstari unaonekana wazi, ukaamini umejua. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, uanze kuiandika. Mkono utasimama mahali fulani, na mahali hapo ndipo somo lako la leo lilipo. Kwa hiyo mimi hutaka wanafunzi wangu waanze maswali ya miaka iliyopita wiki ya tatu, wakiwa bado hawajui mengi, badala ya kuyaweka akiba hadi wiki ya mwisho kama nguo za sikukuu. Na swali ulilolikosa leo lirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki mbili, bila kuchungulia jibu.

Karatasi moja inataka tahadhari ya pekee, nayo ni ya fedha za umma na ushuru. Sheria zake hubadilika ukiwa katikati ya kusoma. Mswada wa Fedha wa 2024 ulisomwa na kujadiliwa na nchi nzima, kisha ukaondolewa mwezi Juni baada ya maandamano; aliyekuwa amekariri vifungu vyake alikariri kitu kisicho sheria. Oktoba mwaka huohuo bima ya NHIF ikatoa nafasi kwa SHIF, inayokata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Desemba 27 marekebisho mengine ya sheria za ushuru yakaanza kazi. Tazama ushuru wa nyumba pekee. Mwenye mshahara wa shilingi 60,000 hukatwa asilimia 1.5, yaani shilingi 900. Kabla ya marekebisho alipewa nafuu ya asilimia 15 ya makato hayo, shilingi 135, ikipunguzwa kwenye kodi yake. Baada yake zile 900 zote huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa, na kwa kuwa yuko kwenye kiwango cha asilimia 30, kodi inapungua kwa shilingi 270. Nafuu ya 135 haipo tena. Aliyejifunza PAYE mwanzoni mwa 2024 na kuitumia bila kuigusa mwaka uliofuata alikosa jibu kwa hesabu safi kabisa. Karatasi hii usiisome mapema mno, wala usinunue vitabu vya mitumba vya ushuru, hata kama bei inavutia.

Ukumbini, karatasi ya saa tatu yenye alama 100 inakupa dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 20 lina dakika 36. Zikiisha, hama, hata kama mizania haijalingana. Alama za mwanzo za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko zile mbili za mwisho unazozisaka kwenye swali la zamani, na nimesahihisha majaribio mengi mno yenye swali la kwanza zuri sana na la tano tupu. Wepesi huo wa kuhama hauji siku ya mtihani. Unahitaji kuwa umekaa saa tatu mfululizo, angalau mara tatu kwa kila karatasi, saa ikiwa mezani na simu ikiwa chumba kingine.

Yule dada wa Naivasha alifanya karatasi moja tu Aprili, ya sheria za kampuni, na ada ya zile mbili ikapotea. Tuliandika kalenda yake upya. Mei ilikuwa bado na maua ya akina mama, kwa hiyo hadi katikati ya mwezi tuliweka saa nne tu kwa wiki. Juni na Julai shamba lilitulia, tukaweka 14, zote kwa karatasi ya taarifa za fedha. Kila Jumapili saa nane mchana alimpa mdogo wake simu akafunga mlango. Wiki ya pili ya Julai aliniletea jaribio zima alilolisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Maswali mawili yalikuwa na alama 15 na zaidi, lakini hakutaka tuyaangalie. Alifungua moja kwa moja ukurasa wa taarifa ya mtiririko wa fedha, alipopata 6 kwa 20, akavuta kiti.

"Hapa, mwalimu. Mkono ulisimama hapa."