Mgonjwa anaeleza kwa Kiswahili, mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza

Mgonjwa akimwambia mwanafunzi wa udaktari, "Mkono unaniuma tangu jana saa mbili usiku," Mtanzania yeyote amemwelewa. Kazi huanza pale maelezo hayo yanapotakiwa kuandikwa kwa Kiingereza kwenye faili.

Kiingereza kina jina moja la mkono kuanzia begani hadi kwenye kifundo, na jingine la kuanzia kifundo hadi vidoleni. Mguu nao ni hivyo hivyo. Saa mbili usiku huandikwa saa 8. Mwanafunzi akiandika 2, amesogeza mwanzo wa ugonjwa kwa saa sita.

Kuna pia neno "kusikia". Mgonjwa husikia kizunguzungu, husikia maumivu, husikia harufu. Kiingereza hutumia vitenzi tofauti, na kile cha sauti hakifai kwa yote. Vilevile "alitapika" haisemi kama ni wa kiume au wa kike, lakini Kiingereza kinadai lisemwe. Ndiyo maana mtoto wa kiume hugeuka wa kike katikati ya ripoti.

Makosa haya si dalili ya uzembe. Katika shule nyingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anapoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliruhusu Kiswahili kutumika ngazi zote, lakini vitabu na mitihani ya udaktari bado ni Kiingereza. Nje ya darasa, kuanzia hosteli hadi kwenye vimbweta, maisha ni Kiswahili.

Wapo wanaokimbilia kukariri au kunakili sentensi za watu, wakiogopa kuandika zao. Wengine hunyamaza kwenye semina ingawa jibu wanalijua. Matokeo yakija mabaya, nyumbani huambiwa wanachezea ada.

Mzazi afanye nini?

Kabla ya kugomba, mwombe mwanao akueleze somo lililomshinda kwa Kiswahili. Akilieleza likaeleweka, huenda tatizo ni lugha, na lugha hujifunzwa. Usimcheke anapokosea Kiingereza mbele ya wadogo zake. Aliyechekwa huacha kujaribu.

Mhimize aandike aya moja kila siku kwa maneno yake mwenyewe, na ampelekee rasimu mwalimu wa stadi za mawasiliano mapema, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.

Kwa anayesomea tiba, ipo hatua moja zaidi: kabla ya kufunga faili, amsomee mgonjwa kwa Kiswahili alichokiandika kwa Kiingereza. Kama saa au kiungo kimekosewa, mwenye mwili wake atamsahihisha palepale.