Contra: Wawili Kwenye Kioo Kimoja

Hatua ya tatu ya gemu ya Contra ni maporomoko ya maji. Wachezaji wawili wanaruka kutoka mwamba hadi mwamba kwenda juu, mawe yanawadondokea, na kioo kinapanda kumfuata aliyetangulia. Aliyebaki chini kioo kikimpita anakufa hapo hapo. Hajapigwa risasi wala hajaguswa na adui: ameuawa na haraka ya mwenzake. Mtoto aliyecheza gemu hii katika vibanda vya gemu vya Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, anajua ugomvi uliofuata, na anajua pia kwamba waliofika hatua ya nane walikuwa wale waliojifunza kusema “ngoja” na “twende” kwa wakati wake.

Nimeirudia gemu hiyo na nyingi kati ya zilizoifuata, na nimezidi kuamini kwamba ukubwa wake umo humo. Bunduki zilikuja kuigwa na kila mtu. Kilichokuwa kigumu kuiga ni jinsi ilivyowafunga watu wawili wasiweze kwenda bila kutazamana.

Konami ya Japani iliitoa Contra mwaka 1987 kwa mashine za kumbi za michezo, na mwaka uliofuata ikaileta nyumbani kwenye mashine ya Nintendo. Kwetu ilichelewa kwa sababu inayoeleweka: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo seti zilikuwa chache, na pasipo seti hakuna pa kuchomeka gemu. Ilipofika haikuja na boksi la Nintendo. Ilikuja katika mashine za bei nafuu zilizoiga za Wajapani, na kaseti zenye orodha ndefu ya gemu, nyingi zikiwa zilezile zilizobadilishwa majina. Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Contra haina mahali pa kuhifadhi ulipofikia. Umeme ukikatika mkiwa hatua ya saba, mnaanza upya msituni, kwenye hatua ya kwanza.

Ukali huo ndio uliokuwa shule yenyewe. Risasi moja inatosha kukuua, na ukifa unapoteza bunduki uliyoiokota. Herufi S, ile inayotawanya risasi tano kama feni, ikidondoka kutoka kwenye kapsuli inayoruka, wachezaji wawili wana chini ya sekunde moja ya kuamua ni ya nani. Daraja la hatua ya kwanza linalipuka kipande kwa kipande mara unapolikanyaga, kwa hiyo anayekimbia mbele humwachia mwenzake pengo. Hakuna maelezo yanayotokea kwenye kioo kukufundisha haya. Unayajua kwa kufa, au kwa kuambiwa na aliyekwisha kufa.

Ndivyo ilivyosambaa hata ile siri ya kuanza na maisha 30: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto, mtengenezaji wa Konami aliyefariki mwaka 2020. Aliiweka kwanza katika Gradius ya mwaka 1986, kwa sababu gemu aliyopewa kuihamishia kwenye mashine ya nyumbani ilimshinda wakati wa kuijaribu. Njia aliyojiwekea mtu mmoja kazini ikavuka bahari na kufika ukingo wa Ziwa Tanganyika kwa mdomo, bila gazeti wala intaneti.

Kuna jambo la Kigoma ambalo haliwezi kuachwa. Mwaka huohuo wa 1987 kampuni ya SNK ilitoa Japani gemu iliyoitwa Guevara, inayomhusu Che Guevara na mapinduzi ya Cuba. Ilipopelekwa Marekani jina lake na majina ya wahusika yalifutwa, ikawa Guerrilla War. Kwenye toleo la nyumbani unaweza kufufuka bila kikomo, kiasi kwamba haiwezekani kushindwa. Lakini Che wa kweli alipita Kigoma. Usiku mmoja wa Aprili 1965 alivuka ziwa kutoka hapa na kikosi kidogo kwenda kupigana upande wa Kongo, akashukia Kibamba, na Novemba alirudi kwa njia hiyohiyo. Katika kitabu alichoandika baadaye juu ya safari hiyo hakuficha kwamba ilishindwa, na sababu anazozitoa zinafanana kwa njia ya kusikitisha na zile zinazowaua wawili kwenye maporomoko ya Contra: viongozi waliokaa mbali na mapigano, vikosi visivyosubiriana, watu wa upande mmoja wasioaminiana. Miaka thelathini baadaye, watoto walipokuwa wakipiga Contra mjini, boti zilikuwa zikileta watu waliokimbia vita vya Burundi na Kongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996. Sidhani kwamba gemu iliwafanya watoto wa Kigoma wapende bunduki. Maana ya bunduki waliiona kwa wageni walioshuka ziwani. Kwenye kioo walipenda kitu kingine, yaani kwenda na mwenzako na kufika naye.

Kwa kipimo hicho, mfululizo uliofuata unajipambanua wenyewe. Super C ni mwendelezo mwaminifu, na Contra III ya mwaka 1992 ndiyo kilele: bunduki mbili mkononi, makombora ya kurukia hewani, na bado wawili kwenye kioo kimoja. Hard Corps ya mwaka 1994 ni kali kupita kiasi lakini inakupa wahusika wanne na njia zinazogawanyika, na ninaipenda kwa ujasiri huo. Kisha ukaja mporomoko. Konami iliikabidhi Contra kwa kampuni nyingine, Appaloosa, iliyotoa mbili za PlayStation, mwaka 1996 na mwaka 1998, zikifukuzia picha za pande tatu. Unaruka usijue utatua wapi, na gemu ya kuruka isiyoonyesha ardhi imekosa msingi.

Mwaka 2002 Nobuya Nakazato, aliyeongoza Contra III na Hard Corps, alirudi na Shattered Soldier. Ni kazi ya fundi hodari, ila inakupa alama kwa asilimia ya maadui uliowaua, na ukiwa na alama ndogo inakufungia hatua za mwisho. Hapo mwenzako dhaifu anageuka mzigo. Contra 4 ya mwaka 2007, iliyotengenezwa na WayForward, ilirudisha karibu kila kitu tulichokipenda, lakini kwa mashine ya mkononi: ili mcheze wawili lazima kila mmoja awe na yake. Rogue Corps ya mwaka 2019 ina bunduki zinazochemka na kuhitaji kupumzishwa. Nimeimaliza kwa nidhamu tu.

Wakati haya yanatokea vibanda vyetu vilikwisha kuhama. PlayStation ilipoenea, kilichojaza mabenchi ni Winning Eleven, nayo ni ya Konami. Hapo pia wanakaa wawili mbele ya kioo kimoja, lakini mmoja lazima afungwe. Naupenda mpira, na bado naona kwamba tulibadilisha kitu kikubwa bila kukiaga: mwenye pedi ya pili aliacha kuwa mshirika akawa mpinzani.

Operation Galuga, iliyotoka Machi 2024 kwa mkono wa WayForward tena, imenipa moyo. Imerudia msitu na maporomoko ya awali kwa picha mpya, inakuruhusu kuchagua kufa kwa risasi moja au kuvumilia kadhaa, na wawili wanacheza hadithi nzima wakiwa chumba kimoja. Wapo waliolalamika kwamba haichezwi kupitia intaneti. Mimi naona ni uamuzi sahihi. Udhaifu wake uko kwingine: maongezi ni mengi, na picha hazina ule usafi wa zamani ambapo risasi nyeupe ilionekana mara moja na kukupa nafasi ya kulala chini.

Anayetaka kuanza mwanzo atafute mkusanyo wa mwaka 2019, Contra Anniversary Collection, wenye matoleo ya miaka ya 1980 na 1990, likiwemo la Famicom, yaani mashine ya Nintendo ya Japani, ambamo minazi ya hatua ya kwanza inayumba kwa upepo. Mkusanyo huo unakuruhusu kuhifadhi popote ulipofika. Usihifadhi, na usicheze peke yako.